Kuhusu Kalolaine wa Duka la Vifaa na Maswali Yake ya Viungo vya Bomba

Vava'u, Tonga
9 Oktoba

Kwako Mzee Isileli Vaka,
Mwenyekiti wa Kamati ya Maji ya Kanisa,

Salamu nyingi, na pole kwa kuchota maji kijiji cha jirani wiki nzima hii. Ni mimi Penisimani Lolohea, uliyenikabidhi kazi ya kuunganisha tangi na jiko la ukumbi kabla wageni wa mkutano hawajafika. Naandika kwa heshima na bila hasira, kumshitaki Kalolaine, muuzaji wa duka la vifaa pale Neiafu, kwa kosa la kuuliza maswali.

1. Niliingia dukani nikasema kwa adabu, "Nipe viungo vya shaba vya inchi moja." Muuzaji mwingine angenipa. Yeye akaegemea kaunta. "Vya namna gani, baba? Elbo, tii, soketi au yunioni? Na jike au dume?" Mbele ya mke wa mchungaji, Mzee! Kumbe chenye hesi, yale meno ya kuzungushia, kwa ndani ndicho jike, na chenye hesi kwa nje ndicho dume. Nikamjibu, "Nipe waliokwisha kuoana." Duka zima likacheka, na sidhani walikuwa wakicheka pamoja nami.

2. Nikachagua vyepesi, vinavyong'aa vizuri. Akanipokonya. "Hivyo ukivifukia kwenye udongo wa chumvi vinageuka rangi ya waridi, halafu vinameguka kama biskuti. Chukua hivi vizito." Nimekula biskuti miaka sitini na moja, Mzee, sijaona hata moja inayofanana na bomba.

3. Hili ndilo kubwa. Dada yangu mkubwa, Tokilupe, aliyeko Utah, alikuwa ameniletea boksi la viungo vya shaba ndani ya pipa la nguo. Unajua kwetu dada ni nani. Neno lake halina rufaa. Nikaliweka boksi juu ya kaunta ili Kalolaine apate adabu. Akatoa kipimo chake, akachungulia.

"Baba, hesi hizi ni za Kimarekani. Bomba lenu limetoka New Zealand. Inchi ni ileile, ila meno hayalingani. Vitaingia mizunguko miwili, kisha vitagoma."

"Dada yangu hajawahi kugomewa," nikamwambia.

"Basi liambie bomba."

4. Jumamosi nikafunga. Viliingia mizunguko miwili, vikagoma. Wa tatu nililazimisha kwa spana yenye mpini mrefu. Wa nne nililazimisha kwa jina la dada. Nikafungua valvu, kiungo kikapasuka. Lita elfu tano, Mzee, na hii ni wiki ya saba bila mvua. Maji yakaingia ukumbini yakazikuta ngatu, zile nguo za magome ambazo akina mama walizigonga tangu Juni kwa ajili ya wageni. Mke wangu Vaisiliva hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Aliinua ncha moja, akasema polepole, "Penisimani, rangi inatoka." Nikabaki nimeshika spana, sijui niiweke wapi.

5. Kwenye duara la wanaume wanywao kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, sasa naitwa Mizunguko Miwili.

Sasa fikiri mwenyewe. Bomba lilikuwa kimya miezi miwili, halina neno na mtu. Kalolaine alipotamka "mizunguko miwili", lilijuaje la kufanya kama si kwa kumsikia yeye? Kwa hiyo naomba Kamati imkataze kumuuliza swali mwanamume yeyote aliyezidi miaka hamsini. Akikaidi, ahamishiwe upande wa vitambaa. Aidha, serikali za Marekani na New Zealand ziandikiwe zipatane kuhusu meno, na mpaka zitakapopatana, kanisa lisiunganishe bomba lolote.

Wasalimie mama, watoto, kwaya yote, na mchungaji, ambaye nasikia viatu vyake vimekauka.

Wako mtiifu katika kazi ya Bwana,
Penisimani Lolohea

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha, Tokilupe amepiga simu. Nimemweleza yote. Akasema, "Penisi, kabla sijanunua nilikuuliza mara tatu, bomba lenu ni la meno gani? Ukanijibu shaba ni shaba." Ni kweli, nilisema hivyo. Na asubuhi hii Kalolaine amekuja mwenyewe na viungo vile vizito, amefunga elbo mbili na yunioni, akajaribu kwa ndoo za maji ya nyumbani kwake. Halijadondoka tone. Kwa hiyo tafadhali usiisomee Kamati barua hii; nakupa idhini ukawashie moto. Mimi nakwenda ukumbini, akina mama wanapaka ngatu rangi upya. Vaisiliva amenipa brashi ndogo kuliko zote, na kona ambayo wageni hawataiona.