Nassor bin Maulid na Vita vya Kadi Gizani

Jongeeni, enyi wauza simu wa Dengfeng, nanyi mfungao marobota Sanyuanli, humu mjini Guangzhou, wekeni chini kalkuleta zenu msikie habari za Nassor bin Maulid, fahali wa kamera, aliyeanza kupiga picha ndevu hazijaota, na ambaye aliunguza mkanda wa harusi yake mwenyewe kwa kuifungua kamera juani, mkewe Bi Fathiya akiwa bado na hina mbichi.

Kosa hilo Bi Fathiya hakulisahau, kwa maana mama yake alizeekea Unguja akiingoja picha ile. Basi mwaka wa tisini na tisa, safari ya kurudi nyumbani ikikaribia, alivaa tena dhahabu zake za harusi, akasimama mbele ya kamera mpya ya dijitali na kutoa sharti: hii nayo ikiungua, hatapigwa picha na mumewe mpaka aingie kaburini. Shujaa akalenga, akabana pumzi, akabofya mara moja tu, kwani kwake mkanda ni mali.

Hapo vita vikapamba moto. Picha imo ndani ya kadi, na kadi itatokaje bila kuliwa na mwanga? Nassor akaziba madirisha kwa marobota ya suruali za soko la Shahe, akajitoma chini ya blanketi katika joto la Agosti, akamwambia mkewe kwa sauti nzito:

"Mama Hasna, shika pazia. Hata jengo likiungua, usifungue mpaka niseme."

"Nimeshika. Fanya upesi, utakufa humo."

Akapapasa, akalowa jasho, akaichomoa kadi, akaitia ndani ya soksi nyeusi na kuipeleka, mkewe akimfuata, kwa laoban, yaani tajiri Mchina mwenye duka la kompyuta. Laoban akaitoa soksini na kuiinua kwenye taa apulize vumbi. Shujaa aliiona ndoa yake ikiungua mara ya pili. Bi Fathiya akajifunika uso kwa mtandio.

Laoban akaichomeka kadi, picha ikatokea kwenye kioo cha kompyuta. Dhahabu zote zilionekana, hata ufa wa ukuta nyuma yake. Bi Fathiya akashusha mtandio, akaisogelea.

"Nimefumba macho," akasema.

"Lakini umetoka," akajibu Nassor.

Bi Fathiya akacheka mpaka machozi, akaagiza ichapwe hiyo hiyo, kubwa, ya kutundika ukutani kwa mama. Na iandikwe, vizazi visome: huko Guangzhou, mchana kweupe, Nassor bin Maulid alimpiga mkewe picha ikatoka, na jua lote la China halikufua dafu.