Kompyuta ya Mjukuu Wangu Itakimbia Tu

Jumatatu, 4 Machi
Kompyuta ya mjukuu wangu inajikokota tangu mwezi uliopita. Anatengeneza video ya harusi, na baba wa bibi harusi keshasema: isipofika Jumamosi, video za harusi za mabinti waliobaki anampa kijana wa jirani wa ghorofa ya juu. Jirani mwenyewe kanisimamisha kwenye ngazi kunisimulia mashine ya mwanawe inavyokwenda mbio. Nikampa hongera. Moyoni nilimpa mengine.

Fundi wa kompyuta alimweleza mjukuu kwamba prosesa, ule ubongo wa mashine, huongezwa kasi. Unaingia kwenye mipangilio kabla mashine haijaamka, unapandisha kidogo, unajaribu, unapandisha tena. Mjukuu anaogopa. Mimi nilikuwa nafuma, masikio yakiwa kazini.

Jumanne, 5 Machi
Mjukuu katoka. Nimeingia kwenye mipangilio. Shule sikuiona hata lango, herufi nilifundishwa na binti yangu nina mvi tayari, lakini namba hazinibabaishi. Namba ya kasi ilikuwa 42. Kidogo kidogo ni kwa wasio na harusi. Nikaweka 50.

Giza! Haiamki. Kabla fundi hajafika nikaivua mashine nguo niliyoifumia mwezi uliopita, maana mikono ya mafundi naijua ilivyo michafu. Alipokuja kachomoa betri ndogo ya duara ndani, karudisha, mashine ikasahau yote niliyoitenda. Laiti jirani naye angekuwa na betri kama hiyo, asahau mashine ya mwanawe! Fundi kauliza nani kagusa. Nikasema umeme wa siku hizi hauna adabu. Alipoondoka nikaivalisha.

Jumatano, 6 Machi
Leo 44. Imeamka! Raha kidogo, kisha skrini ya bluu. Kimya. Nikampigia fundi, eti naulizia rafiki. Akasema huyo rafiki aongeze volti kidogo na aangalie joto. Volti nimeongeza. Joto la nini? Mimi nikifua napata joto, nani ananizima?

Imezima tena.

Alhamisi, 7 Machi
43, imezima. 42 ile ile ya zamani, na volti zangu juu, imegoma! Bibi harusi kaganda kwenye skrini mdomo wazi mbele ya keki. Mjukuu kalia, machozi kwenye kibodi. Nilimshika kichwa nikamwambia harusi hizo haziendi popote mimi nikiwa hai.

Jirani kashuka kutoa pole, macho yakiwa kwenye skrini. Eti video tumpe mwanawe amalizie. Nikamwambia ngazi alizoshukia zinapanda pia.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi kaja bila taarifa. Kaisimamia mashine, kainua nguo yangu kwa vidole viwili. Kitambaa cha sufu, bitana ya mahameli, utepe nyuma.

“Bibi, hii nini?”

“Nguo. Vumbi lisiingie.”

“Sasa inapumulia wapi?”

Joto likampiga usoni. Anadai prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, ndiyo maana ilijikokota, na volti zangu ziliongeza kuni. Kairudisha 42, volti za zamani, feni ikapumua, kazi ikaenda bila kuzima. Mjukuu kanitazama. Nikatazama dirisha.

Jumamosi, 9 Machi
Video imefika! Baba mtu kaifurahia, kampa mjukuu na video ya harusi ya mdogo wa bibi harusi, wiki ijayo. Mjukuu kanikumbatia mbavu zikalia, kisha kaniapisha: siigusi tena. Nimeapa. Kwenye ngazi nikampa jirani pole.

Jumapili, 10 Machi
Mjukuu kaenda kumwona bibi harusi mpya. Mashine iko uchi mezani, jirani anaiona mlangoni. Aibu ya nani? Nimeifumia nguo nyingine, hii ina matundu. Na kama sasa inapumua, 42 ya nini? Nilikosea nguo, namba sikukosea.

50.

Giza.

Hakuna haja ya fundi, niliona alivyofanya. Bisibisi nimepata, betri nimeitoa, iko kiganjani. Sasa hii ilikuwa imetazama juu, au chini?