Mashua ya Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Februari

Mama mkwe ametoa tangazo. Katikati ya chai ya jioni, mkate wangu wa parachichi ukiwa njiani kwenda mdomoni. Mashua ninayotembezea watalii ni yake, aliachiwa na marehemu mumewe, na amechoka kuiona imefungwa gatini kama mbuzi. Jumapili atakuja gatini mwenyewe. Akiikuta tupu, anampa Wladimir.

Wladimir! Kaka wa mke wangu, mwenye mashua yake tayari. Kaipaka rangi nyeusi, kaitundikia bendera ya fuvu, na yeye mwenyewe kajifunga kitambaa jicho moja. Watoto wa watalii wanamlilia. Hujaza viti kabla mimi sijafungua kamba. Na jicho lake ni zima kabisa.

Tatizo si mimi. Tatizo ni desturi ya gati hili la Valparaíso: mashua haiondoki mpaka ijae. Sasa nani anataka kuwa wa kwanza kukaa, achomwe na jua huku akisubiri wengine? Wanachungulia, wanaona viti vitupu, wanajiendea zao. Yaani sina abiria kwa sababu sina abiria. Nimemweleza mke wangu, Nélida. Kanijibu nile mkate.

Nikinyang'anywa mashua nitafanya nini? Sijui kazi nyingine. Roho inaniuma, kusema kweli. Lakini wazo nimeshapata.

Jumanne, 10 Februari

Vichwa vya samaki. Ndoo nzima. Watoto wanapenda simba wa baharini, simba wa baharini wanapenda vichwa vya samaki, vichwa ninavyo mimi. Wladimir hana hata kimoja.

Alikuja simba mmoja tu, mkubwa kama kochi. Akapanda mashuani, akamaliza ndoo, akalala. Nikambembeleza. Nikamtikisia kasia. Akapiga mwayo na kugeukia upande wa pili. Familia zikafurika gatini kupiga picha, bure. Hakuna aliyepanda. Angekaa wapi?

Kisha Wladimir akapita polepole, mashua imejaa, kipaza sauti mkononi. "Upande wenu wa kulia, simba wa baharini," akawatangazia abiria wake. "Yule mwenye kofia ni shemeji yangu."

Watoto wakanipungia mkono. Nami nikawapungia, sijui kwa nini.

Jumatano, 11 Februari

Nimesugua mashua kutwa. Harufu haijatoka. Mgongo umekwisha.

Lakini akili haijalala. Mashua yenye watu huvuta watu. Basi niwakalishe ndugu na majirani wajifanye abiria. Wageni wakija, nitakohoa, nao wateremke mmoja mmoja, kama waliosahau kitu nyumbani. Nimepanda kilimani kwetu na kupita mlango kwa mlango. Wote wamekubali hata kabla sijamaliza kueleza. Nina watu, jamani.

Alhamisi, 12 Februari

Walikuja na chupa za chai, mayai ya kuchemsha, karata na mbwa. Shangazi yangu Hortensia alivaa gauni lake la kanisani. Mashua ikapendeza! Haukupita muda, ikatokea familia kutoka Rancagua: baba, mama, watoto watatu. Baba akauliza kama kuna nafasi, maana tulionekana tuko tayari kuondoka.

Nikakohoa. Hakuna aliyetikisika. Nikakohoa tena, kwa nguvu. Jirani yangu Leoncio akaninyooshea kikombe cha chai. Nikamwinamia shangazi na kumkumbusha mpango wetu.

"Bahari hii nimeitazama dirishani tangu nizaliwe," shangazi akasema kwa sauti, mbele ya wageni. "Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kunipandisha mashua. Washa injini, mwanangu."

Wageni wakaenda kwa yule mharamia wa uongo. Nami nikawasha injini. Ungefanyaje na shangazi?

Tulipofika katikati ya ghuba nikageuza mashua, ikaelekea kilimani kwetu. Kisha shangazi akanyoosha kidole. Nyumba yake! Ile ya mabati ya njano, mashuka yake kwenye kamba. Hakuwahi kuiona yote kwa mbele. Akasema kumbe anakaa pazuri hivyo, na machozi yakamtoka. Basi kila mtu akaanza kusaka yake, wakabishana paa la nani lina kutu zaidi. Nami nikaiona yetu, na Nélida kibarazani, mdogo kabisa. Nilifurahi, sifichi. Halafu nikakumbuka petroli.

Ijumaa, 13 Februari

Balaa! Shangazi kakitangazia kilima kizima. Asubuhi nimekuta foleni gatini, mtalii hata mmoja hamna. Mwoka mikate, mama wa duka la dawa, mwendesha lifti ya kilimani, bibi zao, wajukuu zao. Wote wanataka kuona nyumba zao kutoka baharini. Wanalipa, hilo sikatai, lakini wamekalia viti vyote vya watalii wangu! Niliwaomba warudi wiki ijayo. Wakanisogeza pembeni na kupanda.

Jioni niliwapeleka mara ya mwisho, na wengine nikawaacha gatini. Wladimir alikuwa na viti vitupu. Lile jicho moja lilinikodolea vibaya. Hapo kidogo nilisikia raha. Lakini Jumapili ni keshokutwa na mpango umeharibika.

Jumapili, 15 Februari

Mama mkwe kaja, na mashuani hakuna pa kukaa. Mwoka mikate akampisha.

Ghubani akaniamuru nizime injini. Akaitazama nyumba yetu, ambayo zamani ilikuwa yake na mumewe, akaitazama sana. Marehemu, akasimulia, kila akirudi kutoka baharini alimwambia amemwona akianika nguo. Naye alidhani anataniwa, kwa miaka yote waliyoishi pamoja.

"Kumbe alikuwa ananiona," akasema.

Hakuna aliyekohoa, hata mimi. Nélida alinishika mkono. Tulipofunga kamba gatini, mama mkwe akanigeukia mbele ya watu wote, Wladimir akiwemo.

"Mashua ni yako, Belarmino. Endelea hivi hivi. Usibadilishe kitu."

Yangu! Nimelia kidogo nyuma ya injini. Wladimir amekunywa chai, macho yote mawili wazi.

Na sasa, kila mtu akiwa amelala, naandika jambo ambalo mama mkwe hajaling'amua. Watu wanapenda kuona nyumba zao. Watalii wangu wengi wanatoka Santiago. Nao wana nyumba! Nimeshachora kibao, herufi nyekundu: ONA NYUMBA YAKO YA SANTIAGO KUTOKA BAHARINI. Nélida alikiona kabla hajalala, akasema kati ya bahari na Santiago kuna milima.

Najua kuna milima. Nitawaambia ni ukungu.