Yangeyange wa Bibi Út

Jumatatu, 13 Mei

Wamerudi. Mianzi ya Bibi Út imekuwa myeupe tangu Jumamosi, kana kwamba mtu kaanika mashuka ya hospitali nzima. Yangeyange, mamia kwa mamia. Madume yameota manyoya ya harusi, yale membamba ya mgongoni yanayopepea kama nyuzi za hariri. Dume linamwinamia jike, linampa kijiti. Kijiti kimoja tu, ndoa imepita. Mimi kumpata Diệu nilipeleka nguruwe wawili, na baba yake bado aliuliza wa tatu yuko wapi.

Nimestaafu picha za harusi. Miaka thelathini ya kuwaambia watu watabasamu yatosha. Sasa Nyumba ya Utamaduni ya wilaya inatafuta picha ya kalenda ya Tết, mwaka mpya wetu, na sharti lao ni moja: ndege wa majini wa kwetu, akiwa kiotani. Itatundikwa kila nyumba kuanzia hapa hadi mtoni. Itatundikwa hata kwa Kiệt.

Kiệt ana studio upande wa pili wa soko. Ana lenzi ndefu kama mchi. Ana subira pia, na hilo ndilo baya zaidi.

Bibi Út ameniruhusu niingie shambani kwake. Ana miaka sabini na sita, na mianzi hii ilipandwa na marehemu mumewe. Sharti lake nisivuke kamba ya nailoni aliyoizungusha kwenye viota. Nimekubali kwa moyo mweupe. Namshukuru sana yule bibi. Kamba iko mbali mno.

Jumatano, 15 Mei

Nimegundua siri. Yangeyange wanamwogopa mtu, hawamwogopi nyati wa kulimia. Wanampanda mgongoni, wanamdonoa kupe masikioni, yeye anatafuna majani tu. Basi dawa ni kuwa nyati.

Nimeunganisha magunia manne ya mchele, nikayapaka tope. Pembe nimechonga kwa makumbi ya nazi. Diệu alinikuta najijaribu mlangoni. Hakuuliza kitu. Miaka thelathini na moja ya ndoa imemfundisha lipi la kuuliza na lipi la kuacha lipite.

Saa moja asubuhi nilikuwa nimepiga magoti kwenye mpunga, nje ya kamba kama nilivyoahidi, kamera tumboni. Ikafaa! Yangeyange mmoja akatua mgongoni kwangu. Nikazisikia nyayo zake kupitia gunia. Furaha ile siwezi kuiandika. Tatizo ni kwamba ndege aliye mgongoni kwako huwezi kumpiga picha.

Tatizo la pili lilikuwa nyati wa kweli, dume la jirani, aliyekuja kutaka kujua mimi ni wa ukoo gani. Alinisukuma kwa paji la uso mpaka mtaroni, polepole, bila chuki, kama mtu anayesogeza kiti. Bibi Út ndiye aliyemshika kamba ya pua akamwondoa. Kisha akaniambia kwa upole kwamba nyati wa kweli hamwiti mama yake.

Kamera nzima. Magoti mazima. Naishukuru Mbingu, na yule nyati pia. Pembe alikuwa nazo, hakuzitumia.

Jumamosi, 25 Mei

Mayai tayari. Wanaatamia kwa zamu, dume na jike, na wakipokezana wanasalimiana kwa heshima kuliko watu wengi wa soko letu.

Kiệt kaja leo. Bibi Út kamkaribisha chai kama anavyonikaribisha mimi, tena kwenye kikombe kilekile kizuri. Imeniuma. Jamaa alisimamisha lenzi yake nyuma ya kamba, akakaa kwenye kigoda, akanyamaza saa tatu nzima. Mtu gani huyo wa kunyamaza saa tatu?

Ilibidi aondoke. Nikamvuta pembeni, nikamwambia kama ndugu kwa ndugu kwamba ndege wa maana hawako hapa. Wako nyuma ya tanuri la matofali lililoachwa, kilomita kumi na mbili, njia ya matope. Nikamtengenezea na ndege wenyewe: korongo wa zambarau, shingo kama nyoka, kiota kikubwa kama ungo. Hajawahi kuonekana huko hata mmoja. Kiệt alifunga mfuko wa lenzi yake.

"Kaka Tám," akasema, "mtu mwingine angeificha siri hii."

Nikajibu kwamba sisi wapiga picha tusipopendana, nani atatupenda. Akawasha pikipiki akaenda. Mvua imenyesha mchana kutwa. Nimekula wali na samaki mkavu kwa hamu ambayo sijaiona tangu ujana.

Jumatatu, 27 Mei

Kiệt karudi. Kaniletea mfuko wa shokishoki.

Korongo wa zambarau wapo. Jozi tatu, kwenye matete nyuma ya tanuri. Shingo kama nyoka. Kiota kama ungo. Kanishika mikono yote miwili mbele ya wauza samaki na kunishukuru hadi nikatokwa na jasho.

Shokishoki nimezila zote. Tamu. Sijui nimshukuru nani.

Alhamisi, 13 Juni

Makinda! Katika kiota cha chini, kile kinachoelekea mtaro, yako matatu. Vinyoya vimewasimama vichwani kama wazee walioamshwa na kelele. Mama yao akifika wanamvuta mdomo kwa pamoja, na yeye anawatapikia samaki. Ni sura ya kalenda kabisa.

Lakini mbele ya kiota limelala tawi moja la mwanzi, lenye majani mengi. Ukipiga picha unapata majani, na mdomo mmoja.

Kesho Bibi Út anakwenda karamu ya kumkumbuka marehemu dada yake, ng'ambo ya mto. Hawezi kurudi kabla ya alasiri. Ameniomba nimwangalizie ndege kwa sababu kunguru wamezidi. Alisema ananiamini. Nilimshukuru kwa kuniamini.

Nimeiangalia ile kamba. Ni nailoni tu.

Ijumaa, 14 Juni

Nitaandika yote.

Saa tatu asubuhi nilivuka. Nilipanda ngazi ya kuchumia nazi na mpira wa baiskeli mfukoni. Nia yangu ilikuwa kulivuta tawi pembeni, kulifunga kwa dakika kumi, kupiga picha, kulirudisha. Nani angejua? Nikavuta. Likavunjika. Likaanguka lote mtaroni na majani yake.

Kinda mkubwa alinitapikia samaki kichwani. Nilistahili.

Mwanzoni nilifurahi, na naandika hili ili niaibike vizuri. Kiota kilikuwa wazi, mwanga mzuri, makinda yote matatu yananitazama. Nilipiga picha mbili. Ya tatu sikupiga, kwa sababu kupitia lenzi niliona midomo imeachama na koo zinatetemeka. Jua lilikuwa limeingia kiotani. Tawi lile lilikuwa paa lao.

Mama yao alikuwa akizunguka juu, haji, maana mimi nipo. Nikishuka, jua linawachoma. Nikibaki, mama haji. Kunguru wawili walikuwa wamekwisha tua kwenye mwanzi wa pili, wametulia kama wageni wanaosubiri chakula.

Nikavua kofia yangu ya majani ya mlala, nikaifunga kwenye ufito kwa ule mpira, nikaishikilia juu ya kiota. Kivuli kiliwatosha. Ilikuwa saa tatu na nusu. Saa nne mikono iliwaka. Saa tano sikuisikia tena. Kinda mdogo kabisa alikuwa amelaza shingo juu ya ukingo wa kiota, na kila alipofumba jicho nilimwambia, "Usilale, mwanangu, usilale." Mimi, niliyemlaza mwanangu mwenyewe kwa kumwashia matangazo ya kandanda redioni.

Saa sita kasoro Kiệt akaja. Akasimama nyuma ya kamba na lenzi yake. Kutoka pale alipo, kiota kilikuwa wazi kama sahani. Picha ya msimu ilikuwa mbele yake, na mpinzani wake mtini, uchi wa kichwa, ananuka samaki. Nikafumba macho nimsikie akibonyeza.

Sikusikia kitu. Nilipofumbua, mfuko wa kamera ulikuwa chini kwenye nyasi, na Kiệt alikuwa upande wa pili wa shamba, mbali kabisa na viota, anakata matawi ya mwanzi. Akayafunga matatu pamoja kama ufagio, akaleta, akapanda mguu mmoja kwenye ngazi yangu na mwingine kwenye shina, akayasokota mahali palepale pa tawi lililovunjika. Ni mrefu kuliko mimi. Sijawahi kuushukuru urefu wake kabla ya leo.

Hakunisema. Aliniambia neno moja tu, "Tushuke," na tukashuka, tukarudi nyuma ya kamba, tukalala kifudifudi kwenye nyasi kama watoto wanaojificha. Robo saa. Nusu saa. Kunguru mmoja akasogea tawi moja karibu. Kisha yule mama akashuka, akatua, akatazama paa jipya kwa jicho moja, halafu kwa jingine, akaingia.

Nililia. Kiệt alijifanya anafuta lenzi.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda alfajiri kumwambia Bibi Út mwenyewe kabla shamba halijamwambia. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye upepo mkali ndani yake. Nilipomwona nikasahau upepo, nikasema ukweli.

Alikwenda kutazama kiota kwa mbali. Nikamfuata nyuma. Makinda matatu. Mdogo anagombana na wenzake. Nimehesabu mara nne.

Bibi Út aliketi, akamimina chai, akanisogezea kikombe.

"Marehemu mume wangu alikata tawi hapa mwaka ule tulipokosa kuni," akasema. "Nilimnyima chai siku tatu. Wewe si mume wangu, Tám, kwa hiyo chai utapata. Lakini ufagio ni ule pale."

Wiki mbili za kufagia kinyesi cha yangeyange. Nilimshukuru hadi akaniambia ninyamaze, nawaamsha ndege. Watu wa huku husema ardhi njema ndege hutua. Sikuwahi kujua kwamba ardhi njema hufagiliwa.

Zile picha mbili nimezifuta. Diệu alikuwa shahidi. Kisha nimewasha udi mbele ya madhabahu ya wahenga nikaapa kutogusa tawi la mti wowote wenye kiota maisha yangu yote.

Jumamosi, 6 Julai

Nyumba ya Utamaduni. Picha iliyoshinda ni ya Kiệt: korongo wa zambarau, amesimama kiotani, makinda mawili chini ya kifua chake, ukungu wa asubuhi. Nzuri. Inaniuma kuandika, lakini nzuri.

Kiệt alipewa nafasi ya kusema. Akasema picha ile ni ya Kaka Tám, kwani yeye ndiye aliyemwelekeza, na watu wasimame wamwone. Nikasimama. Ukumbi mzima ukanipigia makofi kwa uongo wangu. Diệu alinitazama kwa yale macho ya kutouliza.

Chakula kilipoletwa nikasukuma sahani. Nikamvuta Kiệt nje, penye pikipiki, nikamwambia nilimdanganya, kwamba sikujua kama kule kuna hata shomoro.

"Najua, kaka," akasema. "Nilijua nilipofika nusu ya njia. Lakini mvua ilikuwa imeshanilowesha, na mtu aliyelowa hana haraka ya kurudi."

Kisha akanivuta ndani tukale bata. Nilikula vipande vinne.

Mimi niliwasilisha picha moja tu, niliyoipiga nikiwa na ufagio kwapani: Bibi Út ameinama kuokota yai lililoanguka, na juu yake mianzi yote myeupe. Haikutajwa. Lakini Bibi Út aliiomba, na sasa imetundikwa ukutani kwake, kando ya picha ya mumewe. Kalenda huondolewa mwaka ukiisha. Ile haitaondolewa. Nilipoiona pale nilitoka nje kidogo kutazama bata.

Makinda matatu yameanza kuruka. Mdogo anaanguka mara nyingi, anapanda tena. Nashukuru. Nashukuru kwa kila kitu. Nimekuwa mtu mpya.

Jumatatu, 8 Julai

Kiệt kaniambia jambo, bila kuficha, kama ndugu. Kwenye hekalu la Kibudha la Wakhmer, vijiji vinne kutoka hapa, wametaga korongo weusi kwa weupe, wale ambao mdomo haufungi katikati. Kila mti. Wanamkimbia kila mtu isipokuwa watawa. Mtawa akipita chini na joho lake la manjano, hata shingo hawageuzi.

Hata shingo hawageuzi!

Diệu amenikuta mbele ya kioo na mashine ya kunyolea nywele. Pazia la manjano la chumba cha wageni lilikuwa begani, najaribu mkunjo. Safari hii aliuliza. Alitaka kujua ni mtawa gani duniani mwenye tumbo kama hilo.

Nimemweleza asiwe na hofu. Niliapa kutogusa tawi, na sitagusa. Kuhusu nywele sikuapa kitu.