Miale Iliyovuka Mpaka Shavuni mwa Mama

Ekerenyo, Nyamira
Machi 1976

Kwa Daktari Oyoo, Msimamizi wa Mashine ya Miale

Daktari Mheshimiwa,

Pokea salamu zinazomstahili mtu anayeamuru kitu kisichoonekana kiende mahali fulani, nacho kikaenda kinakotaka.

Mimi ni Nyanchera, binti wa Drusilla Nyangate, yule mama mwenye saratani ya ngozi chini ya jicho la kushoto. Ulimchora mstari wa wino wa zambarau shavuni, ukanieleza kwamba miale ya elektroni itapiga ndani ya mstari huo, na kwamba bamba la risasi litakinga sehemu nyingine. Sasa yuko nyumbani, anapumzika kabla ya awamu ya pili. Jana nilifika kutoka shule ninakofundisha, nikakuta wekundu umevuka mstari kwa upana wa kidole, unakaribia ukope. Jicho lake la kulia halioni tangu zamani. Hili la kushoto ndilo analosomea Biblia na kuchumia chai. Kwa hiyo sitamruhusu arudi kwako mpaka unijibu yafuatayo.

1. Nilipokuuliza kama miale haiwezi kupotea, ulinijibu, "Inayotoka nje ni kidogo tu, mwalimu, usiwe na wasiwasi." Chuo kikuu sikusomea fizikia, na huenda nakosea, lakini sijaona mahali ambapo "kidogo" ni kipimo. Ndama wa jirani yetu Nyamweya naye huingia kidogo tu katika shamba letu la wimbi. Nyamweya hutuambia hivyo kila msimu, akiwa amesimama juu ya mabua.

2. Kamati ya ardhi ilipopima mashamba yetu, wazee walitembea mpakani pamoja na majirani wote, miti ya mpaka ikapandwa mbele ya mashahidi. Shavuni mwa mama hakuitwa shahidi yeyote. Jicho, jirani wa karibu kabisa, halikuulizwa neno. Naomba shavu lipimwe upya, na jicho lipewe hati yake.

3. Ulinionyesha kwa fahari kiasi cha miale kinachofika katikati ya uvimbe. Je, umewahi kupima kinachofika nje ya bamba? Nyamweya huhesabu ng'ombe walio zizini tu, na kwa hesabu hiyo hajawahi kupoteza hata mmoja.

4. Mashine ilipokuwa tayari kuwashwa, wewe, muuguzi na fundi mlitoka kwa mwendo usiolingana na vyeo vyenu, mkanitoa na mimi, mkaufunga mlango mzito kuliko wa benki. Mama akabaki peke yake na hicho kidogo. Baadaye aliniuliza, "Wale watu walikuwa wanamkimbia nani?" Napendekeza kwamba awamu ya pili uketi kando ya kitanda na kumshika mkono. Ukiona haifai, niandikie sababu, nami nitaibandika chini ya lalamiko la kwanza.

5. Ukikataa yote hayo, nitaomba miale iliyopotea ikamatwe na kufungiwa katika zizi la chifu, pamoja na mifugo mingine iliyoharibu mali za watu. Zizi lile ni la fito tu, najua. Lakini kuta zenu nene nazo sijaona zilichozuia. Miale isipopatikana, chifu ana desturi ya kumshika mwenye mifugo.

Nayaandika haya nikijua kwamba hasira yangu imeipita elimu yangu. Labda wekundu huu una maelezo mengine. Nimeyatafuta kwa uaminifu, sikuyapata.

Nisalimie muuguzi Syprose, aliyemfunika mama shuka vizuri, na fundi pia. Usisahau kuusalimu mlango, ambao peke yake ulizungumza nasi kweli.

Ni mimi, ninayengoja maelezo kwa adabu iliyobaki,

Nyanchera Nyangate

Baada ya sahihi: Nilikuwa nalamba bahasha mama aliponiuliza naandika nini. Nikamsomea. Alicheka mpaka akalishika shavu kwa maumivu. Kumbe Ijumaa, akijiandaa kwa Sabato, aliusugua uso kwa sabuni hadi wino wote ukatoka. Akaogopa kwamba utamgombeza. Ndipo akamwomba mjomba Onchiri, mchonga mawe wa kule Tabaka aliyekuja kumjulia hali, aurudishe mstari kwa ile penseli ya zambarau anayochorea mawe. Mjomba aliukataa mchoro wako. "Dada, huyu daktari alikuchora yai lililokaliwa," alimwambia, akachora duara safi, akalishusha kidogo ili jicho lipate nafasi. Basi wekundu uko palepale ulipouelekeza wewe. Kilichohama ni mpaka.

Mama amekwisha kufunga mzigo, na barua hii anakuletea mwenyewe, maana amenikataza kuichana. Tafadhali lifute duara la mjomba kabla hujaanza. Malalamiko yangu nayaondoa, isipokuwa la nne, ambalo mama amelichukua liwe lake. Anasema kama huwezi kuketi naye, basi umwachie mlango wazi. Kidogo tu.