Filimbi ya Treni ya Kumasi

Jumatatu, 5 Machi 1934. Sekondi.
Mama yake Araba amenikataa. Kasema hamwozi binti yake kwa dereva ambaye treni yake haijawahi kutoka nje ya mji. Eti kutwa nasukuma mabehewa mbele, nayarudisha nyuma, kama mtu anayefagia uwanja. Injini yangu ndogo kaiita birika! Anayemtaka ni Otoo, dereva wa treni ya Kumasi, mwenye kofia mpya na kitambi. Filimbi ya Otoo ikilia, mji mzima hubeba mizigo na kukimbilia stesheni. Yangu ikilia, hata mbuzi hawatoki relini.

Nimepata wazo.

Jumatano, 7 Machi.
Leo injini zote mbili zilizimwa zioshwe. Wenzangu walipokwenda kula kenkey, nikatoa spana. Filimbi ya Otoo kwangu, yangu kwake. Nati zimekubali bila ubishi. Kesho Araba na mama yake watasikia, watajua nimepandishwa cheo. Mimi si mtu wa mchezo.

Alhamisi, 8 Machi.
Balaa. Asubuhi mapema niliivuta, tena ndefu. Nusu ya Sekondi ikamiminika stesheni na mabeseni na kuku. Treni hakuna. Mvuke wote uliishia kwenye filimbi, birika likafia mbele ya ghala. Abiria walinitukana kwa zamu, wakarudi makwao. Ndipo Otoo akaondoka na kale kafilimbi kangu, piii, mabehewa matupu. Mama yake Araba alibaki na vikapu vyake vya samaki wa kuuza Kumasi. Aliniuliza, kwa upole, kama kwetu yuko hata mmoja mwenye akili timamu. Upole ule uliniogopesha.

Ijumaa, 9 Machi.
Filimbi zimerudishwa. Msimamizi kanishusha kwenye injini, nazoa majivu mwezi mzima. Otoo kapita, kanivulia kofia. Mshenzi.

Jumamosi, 10 Machi.
Araba kaja mwenyewe, macho mekundu. Kaniita mjinga. Kasema siku zote hunisikiliza kwa kale kafilimbi: kakilia mara ya mwisho jioni, huweka samaki wangu motoni, akijua nitapita. Alhamisi alikasikia kakienda mbali, kakipotelea njia ya Kumasi. Akajua nimemkimbia. Alilia mpaka mama yake akambembeleza. Kaniambia nisiguse tena filimbi ya mtu. Nikirudishiwa birika langu, atasema na mama. Nimeapa.

Jioni nimekaa nikafikiri. Kama kafilimbi kale kamemliza hivyo, king'ora cha meli je? Ipo moja imetia nanga, na walinzi wake wanapenda pombe.

Spana bado ninayo.