Pini Isiyovunjika

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema sana. Mama mdogo, ambaye ni fundi wa mashine za boti na hana utani na mtu aliyeshika spana, ametutangazia mimi na binamu yangu jambo kubwa. Likizo ijayo karakana yake ina nafasi ya mwanafunzi mmoja. Mmoja tu! Wiki nzima tutaitunza Kigugumizi, mashine kuukuu ya boti yetu, ile ya kuchanganyiwa petroli na oili, ambayo haiwaki mpaka ikohoe mara tatu. Binamu kapewa nusu ya juu: plagi, kabureta, kamba ya kuwashia. Mimi nusu ya chini: gia, propela na kila kinachokaa majini. Jumamosi Babu, ambaye ni seremala, anavusha kabati la mteja wa ng'ambo. Nusu itakayotuangusha siku hiyo, mwenye nayo atakaa nyumbani likizo nzima.

Binamu tunamwita Kwanini, maana ndilo neno lake. Kauliza kwa nini mashine ikohoe. Kauliza kwa nini oili. Mimi sikuuliza kitu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Nafasi ni yangu. Naihisi vidoleni.

Jumanne, 4 Machi

Aibu! Tulitoka kuijaribu. Pale kwenye maji haba kuna kisiki kilichozama, na propela ikakigonga. Tak! Mashine ikanguruma, boti ikasimama. Nusu yangu! Nikaiona nafasi yangu ikielea na magugu.

Mama mdogo akaiinua mashine, akafungua nati, akatoa pini inayoshika propela. Kijipini cha shaba, hakizidi kidole changu kidogo, kimekatika vipande viwili. Akakitazama kwa mapenzi, akakiambia ahsante, baba. Akatia kingine. Dakika tano, tukaondoka. Akasema nisijali, pini haihesabiwi.

Kwanini akauliza kwa nini pini iwe laini hivyo. Mama mdogo akaanza kueleza. Sikusikiliza. Wazo lilikuwa limeshanijia, na wazo ni kama chafya, huwezi kulizuia eti kwa sababu mtu anazungumza.

Kukishukuru kitu kilichovunjika! Hiyo ni sizitaki mbichi hizi. Maskini Mama mdogo, amezoea shida.

Jumatano, 5 Machi

Kutoka shule moja kwa moja kwa muuza vipuri. Huyu mzee anasema vipuri vya Kigugumizi viliacha kutengenezwa kabla mimi sijazaliwa, isipokuwa pini, ambazo anazo kopo zima. Nikamwamkia vizuri, nikaomba pini ya chuma cha pua. Alicheka mpaka miwani ikaangukia ndani ya kopo. Akasema, mjukuu wangu, hiyo ni kama kuomba kiberiti kisichowaka.

Nikacheka nami, kwa adabu. Njiani nikaelewa. Pini isipovunjika, nani atarudi dukani kwake? Mjanja yule!

Chuma chenyewe kumbe nilikuwa nacho mkobani. Bikari yangu! Zawadi ya kuwa wa tatu katika hisabati. Mguu wake una unene uleule wa pini. Niliubana kwenye jiliwa, nikaukata kwa msumeno wa chuma, nikaulainisha ncha kwa tupa. Malengelenge mawili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Alhamisi, 6 Machi

Hisabati. Mwalimu alitaka duara tano, kila moja na ukubwa wake. Nilichora kwa washa, kile kiduara cha chuma cha kukalia nati, niliyoikuta mfukoni. Duara zangu zote zimelingana. Ameandika: "Nadhifu. Lakini?"

Jioni nimeiweka pini mpya. Imeingia bila kulazimishwa, ukiacha nyundo kidogo. Tumeiwasha mashine ndani ya pipa la maji uani. Propela ikarusha maji hadi kwenye shati kavu la Babu, na Babu akiwa ndani yake. Akauliza kama natengeneza mashine au napika supu.

Kwanini naye kafunga pini tatu za akiba na spana kwa utepe, chini ya kifuniko cha mashine. Yaani kwenye nusu yake, kwa ajili ya nusu yangu! Eti endapo. Nikamwambia anayejiandaa kuvunjikiwa huvunjikiwa. Akauliza kwa nini.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Kisiki kilekile. Tumekigonga, na hakikukatika kitu! Boti iliruka kidogo kama mtu aliyekanyaga mwiba, ikaendelea na safari. Mama mdogo akageuka, akakunja uso, akasema ajabu. Nikatazama maji kwa unyenyekevu.

Tangu hapo kuna mlio mdogo chini majini. Krr, krr, kama mtu anayetafuna karanga. Nadhani mashine imechangamka.

Nimeshachagua msumari wa kutundikia ovaroli yangu karakanani. Ule wa karibu na dirisha.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye kioo.

Kabati la Babu lina kioo kirefu mlangoni, nacho kilinielekea mimi safari nzima. Kwa hiyo nilijiona nikitabasamu tulipoondoka. Nikajiona nikitabasamu tulipokigonga kisiki. Kisha kitu kikalia kama gunia la kokoto lililomwagwa, mashine ikapiga kelele, boti ikatulia katikati ya maji, na nikajiona nimeacha kutabasamu.

Kwanini alikuwa ameshashika spana na pini zake tatu. Mama mdogo akafungua nati. Pini nzima! Inang'aa! Nilitaka kupiga makofi. Mama mdogo akaichomoa, akaigeuza juani, akauliza kwa upole sana tangu lini mashine za boti zina maandishi ya kiwanda cha vifaa vya hesabu.

Akafungua kasha la gia. Meno yote yamekatika. Yalimwagika kiganjani mwake kama punje za mahindi.

Ndipo akaeleza, na safari hii sikuwa na pa kukimbilia. Pini huwekwa laini makusudi. Propela ikigonga kisiki, pini inakufa yenyewe ili gia ipone. Kwanini akasema, lakini dada, si alituambia Jumanne? Mtoto hana haya.

Tulichomoa rafu za kabati, tukapiga kasia kwazo, watu wanne, rafu nne. Babu akasema miaka arobaini ya useremala hajawahi kuona kabati likijivusha lenyewe. Mteja akauliza mbona rafu zimelowa. Babu akamjibu kwamba zimepimwa maji. Mteja akafurahi sana, akawaita majirani waone.

Tuliporudi, hukumu. Nafasi ni ya Kwanini. Kisha Mama mdogo akasema gia ya Kigugumizi haiuzwi popote, itabidi itafutwe ndani ya mashine mbovu zilizorundikwa nyuma ya karakana. Ziko kumi na tisa. Aliyevunja atazifungua zote, moja moja, likizo nzima, na kila nati airudishe mahali pake. Kwanini atakaa ndani kupanga skrubu kwenye makopo.

Kwanini akauliza kwa nini yeye apange skrubu.

Mashine kumi na tisa! Nilijitahidi kuhuzunika usoni. Babu akasema mbona naonekana kama mtu anayezuia chafya.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika kwa mwandiko wangu bora na kubandika ukutani: "Kilicho dhaifu kimewekwa dhaifu ili kukinga kilicho ghali." Nimeelewa kabisa. Nimekuwa mtu mwingine.

Mchana Mama mdogo alikuwa anapiga pasi sare zetu, birika la umeme likichemka, redio ikiimba. Mara tap! Kimya nyumba nzima. Akaenda kwenye kisanduku cha umeme karibu na mlango, akachomoa fyuzi, akatuonyesha. Ndani kuna kijiwaya chembamba kama unywele, kimeungua. Akakitazama kwa mapenzi, akakiambia ahsante, baba.

Maskini. Na huku nako! Nyumba nzima, pasi, birika, redio, vyote vinategemea unywele mmoja!

Kwanini akauliza kwa nini kiwe chembamba hivyo. Mama mdogo akaanza kueleza, lakini mimi nilikuwa nimeshafika chumbani, kwenye mkoba wangu.

Bikari ina miguu miwili.